Maneno Yaliyobaki Baada ya Karanga

Nsimire mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Zaitun, na kwa jinsi nywele zako zilivyo nyingi, na jinsi Mama Zaitun anavyopenda kusimulia, najua nina jioni nzima mbele yangu. Nimekaa kwenye kile kiti kifupi karibu na sigiri. Karanga zimeiva, nimezitandaza zipoe. Sanduku lako liko mlangoni limefungwa kamba, na kila anayepita uani analitazama kwanza ndipo ananisalimia mimi.

Mambo ya njiani sitakuandikia. Usinunue chakula dirishani, pesa usiweke mfuko mmoja, hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyasema pamoja nami kama wimbo. Mwandiko utanisamehe. Unajua shule yangu iliishia darasa la sita kule Walungu, Kongo, na nilipovuka mpaka na wewe mgongoni nilikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo leo.

Nataka kujibu lile neno lako la Jumapili. Tulikuwa tunatoka kanisani, ukaniambia ukitazama viatu vyako: "Mama, nimefikiri. Chuo kinaweza kunisubiri mwaka mmoja. Nikienda, nani atakusemea kliniki?" Mimi nikanyamaza. Pengine ulidhani nimekubali. Na leo asubuhi nikakusikia kwenye uzio unamwuliza jirani yetu Afande Ocen kama tiketi ya basi aliyokukatia inaweza kurudishwa. Yeye akakujibu, "Tiketi ya mimi hairudi, hata mimi mwenyewe sirudi nyuma," mkacheka. Lakini wewe hukuwa unatania. Mama anajua sauti ya mtoto wake.

Jumapili nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa halijaiva. Sasa limeiva, ila ni refu, na nikilisema kwa mdomo nitalia katikati, wewe utanikumbatia, na mambo yataishia hapo bila kumalizika. Basi soma.

Naanza na ile karatasi. Najua unaijua hadithi hii, umeisimulia shule nzima. Lakini unaisimulia kwa macho ya mtoto aliyekuwa analia, hujawahi kuisikia kutoka upande wangu wa meza.

Wakati ule sikuwa hata na meza. Nilikuwa nauza karanga pale njia panda, beseni limewekwa juu ya ndoo. Karatasi za kufungia tulinunua kwa kilo kwa yule mzee anayekusanya vitabu vya zamani: madaftari ya watoto, magazeti, vitabu vya sheria, vyovyote. Mtu wa karanga hasomi karatasi, mwanangu. Anaipima kwa vidole. Hii ngumu, hii inapasuka, hii wino wake unashika chumvi. Siku moja mzee akanipa kitabu kinene kisicho na jalada, karatasi zake nyembamba, laini, zinazokunjika koni kwa mara moja tu bila kurudia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya kitabu kile! Nikaanza kuchana kutoka mbele. Siku baada ya siku mtaa wetu wote wa Kisugu ukala karanga kutoka kitabu kimoja.

Halafu ukaja wewe. Darasa la tatu, umetoka shule kwenye tope, viatu mkononi. Ukauona mkono wangu unachana. Ulipiga kelele mpaka mtu wa boda akafunga breki.

"Mama! Acha! Hiyo ni dikshonari!"

"Ni nini?"

"Ni kitabu cha maneno yote ya Kiingereza! Teacher amesema kila mtu awe nacho. Darasani mimi peke yangu ndiye sina!"

Nikatazama kile kilichobaki mkononi. Maneno yote ya Kiingereza. Na mimi nilikuwa nimeshayauza, kuanzia A, na chumvi kidogo juu.

Afande Ocen alikuwa amesimama pale na sare yake, ndiyo kwanza ametoka zamu. Tulikuwa bado hatujazoeana naye. Kwangu mimi mtu wa sare alikuwa ni mtu wa kuogopa tu, kwa ajili ya yale tuliyoyaacha nyumbani. Akaitazama koni yake, akaifungua, akasoma, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kambini: "Mama, kumbe wewe nauza Kiingereza na chumvi? Ndiyo maana mimi nakula karanga yako halafu naongea muzuri mbele ya mukubwa!"

Watu wote wakacheka. Wewe ulikuwa unalia. Mimi nilicheka pia, na nataka ujue leo kwamba sikukucheka wewe. Nilicheka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike Kampala mtu wa sare aniambie neno likanifurahisha.

Kesho yake ndipo watu walipoanza kuleta karatasi. Hilo ndilo ninalolishukuru mpaka leo. Afande alitoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa vizuri kama barua ya serikali. "Nimekuta hii. Inasema 'obey', maana yake kutii. Hii neno mimi najua tayari, ndiyo kazi yangu. Peleka kwa mutoto." Mama Zaitun, mke wake, akaleta mbili zenye mafuta, na moja Zaitun alikuwa ameshachora ng'ombe juu yake. Mama wa mkaa akaleta yake imepasuka katikati, akaniita mama kwa Kiganda chake, "Nyabo, nusu ya maneno nimeyala, nisamehe." Watu ambao hatukuwajua jina walikuwa wanatuletea maneno, moja moja, yamekunjamana. Wewe ulikuwa unayanyoosha juu ya goti na kuyaweka chini ya godoro yanyooke.

Lakini nyingi zilikuwa zimekwenda. Kitabu chenyewe, kile kilichobaki kimeshikana, kilianzia katikati ya R. Neno la juu kabisa la ukurasa wa kwanza lilikuwa "receive". Ulilisoma kwa kidole. Ukasoma maelezo yake, ukafikiri, ukaniambia: "Ni kupokea, mama."

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ningechana kurasa mbili tatu zaidi, tungeanza na neno lingine. Tulianza na kupokea. Na tazama, hapa mjini mimi na wewe tulikuwa tumefanya kazi gani nyingine? Tulipokea chumba kwa mtu asiyetujua. Tulipokea blanketi, tulipokea sufuria isiyo na mfuniko kwa mama mmoja wa kanisa ambaye hata leo simjui alikoenda. Zamani nilikuwa naona aibu kwa kupokea huko. Nilipoona neno limewekwa kwenye kitabu, la kwanza kabisa, kama mtu mwenye heshima zake, aibu ilipungua.

Sheria uliitunga wewe. Kila jioni neno moja, na kesho yake mimi niseme hilo neno kwa mteja kabla karanga hazijaisha. Lo, jinsi ulivyokuwa mkali! Ulirudi shule, hukuuliza nimekula, uliuliza nimesema. Siku ya "recommend" nilimwambia yule dada wa saluni, "I recommend this one," nikamwonyesha koni kubwa, akachukua mbili. Siku ya "refuse", kukataa, nililisubirisha mpaka yule kijana wa boda anayeonja kila siku bila kununua akanyoosha mkono wake kwenye beseni. Nikamwambia, "I refuse." Mkono ukabaki hewani. "Eh, nyabo! Nani amekufundisha ubaya huu?" Nikamwambia, "Mtoto wangu." Akanunua, na tangu siku ile aliniita Madam.

Kwa kuwa tulifuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, kwa muda mrefu maneno yetu yote yalianza na RE. Mimi nilidhani ni ukoo mmoja. Nilisema, kama watu wanaanza na uso mmoja, lazima baba yao ni mmoja. Na kweli uliniambia mwalimu amesema hiyo RE mara nyingi ni kurudi, au kufanya tena. "Repeat", kusema tena. "Repair", kutengeneza kilichoharibika. "Replace", kuweka kingine mahali pa kile kilichokwenda. Nikafurahi, nikaona nimekishika Kiingereza shingoni. Halafu nikakumbuka "red" tuliyokwisha kuipita, rangi nyekundu. Nikakuuliza, hiyo inarudi wapi? Ukacheka mpaka ukaanguka kitandani. Nikakumbuka na "rent", kodi ya nyumba, nikasema sawa, hiyo inarudi kila mwezi. Ikaja "reptile", mnyama wa kutambaa kama nyoka, nikasema mimi sasa sitaki tena.

Ndipo nilipoelewa kwamba wengine ni ndugu na wengine wamefanana mwanzo tu, kama sisi wa uani hapa. Wote tunaingia kwa geti moja. Mtu wa nje akitutazama tukiingia anasema hao ni wamoja, lakini Afande ni wa kaskazini, anakwenda kanisani, mke wake anafunga Ramadhani, mama wa mkaa ni Muganda wa Kawempe, sisi tumetoka Kongo. Na wala si kwamba kufanana ni uongo. Geti moja nalo ni kitu. Ila ukitaka kumjua mtu unamsoma mpaka mwisho, kama ulivyokuwa unanikataza kukisia. "Mama, usikisie. Soma mpaka mwisho." Huko uendako utalala chumba kimoja na wasichana usiowajua. Watakaa kwenye vitanda vyao, na mwingine atafungua mdomo na herufi zake mbili za mwanzo zitakukera. Fanya kama ulivyonifundisha.

Kuna lile neno moja nililiogopa. Ulilifikia jioni moja ukataka kuruka ukurasa, mimi nikaona. "Refugee." Nilikuwa nalijua kwa masikio. Nililijua kwa kuitwa dirishani, kwa mlinzi anayelisema huku anatuonyesha mahali pa kukaa mbali na wengine. Sikuwahi kuliona limeandikwa na kuelezwa. Nikakuambia, soma. Ukasoma pole pole kwamba ni mtu aliyelazimika kuiacha nchi yake kwa sababu ya vita au hatari. Basi. Hakuna zaidi. Halikusema mchafu, halikusema mwizi, halikusema anayesumbua. Na juu yake kulikuwa na "refuge", mahali pa kupona. Nilikuambia urudie, ukarudia. Nikalala vizuri usiku ule, Nsimire. Hukujua, ulikuwa umeshasinzia na kitabu kifuani. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa ameniondolea tusi mwilini.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo mimi na wewe hatulisemi.

Ulikuwa bado mdogo, sketi yako ya shule inakuvuka magoti. Mimi nilikuwa na mimba ya yule ambaye tungemwita Bahati, na baba yake alikuwa ameshakwenda zake. Tumbo likanyamaza. Tulikwenda hospitali mimi na wewe, ukiwa umekosa shule, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu. Nikalazwa kwenye kile kitanda kirefu. Daktari, kijana tu, akaweka mashine tumboni, akatazama muda mrefu, akasema maneno mengi ya Kiingereza. Hakunitazama mimi. Alikutazama wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamjibu.

Nikakuuliza, "Anasema nini?"

Ulishika kona ya shuka. Ukasema, "Anasema upumzike, mama."

"Basi tu?"

"Basi tu. Upumzike kwanza."

Neno letu la jana yake lilikuwa "rest", kupumzika. Ulishika neno lililokuwa karibu. Ulikuwa umeelewa kila kitu alichosema daktari, moyo wa mtoto umesimama, ukakitia mdomoni mwako, ukafunga mdomo. Ulikaa na habari ile peke yako, umesimama kando ya kitanda, mpaka alipokuja yule muuguzi mnene wa kutoka Kasese anayejua Kiswahili. Yeye alinishika mkono akaniambia. Akakuangalia wewe, akakutuma nje ukanunue maji. Nilikuona unatoka mlangoni na mabega yako yameshuka kama mtu aliyetuliwa gunia.

Sikuwahi kukushukuru. Nilidhani nikilitaja nitakuumiza. Nakushukuru leo. Ulitaka nipumzike dakika chache zaidi nikiwa mama wa watoto wawili. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa zawadi ya namna hiyo, na aliyenipa alikuwa hafikii hata dirisha.

Lakini tazama nilichofanya baada ya pale. Kamusi nikaiweka chini ya kitanda, kwenye "rest". Nikajiambia Kiingereza kinaleta habari mbaya, na kama kuna mdomo wa Nsimire, wangu wa nini? Ofisini nikakubeba, kwa mwenye nyumba nikakubeba, shuleni kwako mwenyewe nikakubeba: mwalimu anakusifu na wewe ndiye unayenitafsiria sifa zako, tena kwa haya ulizipunguza! Kila mwaka ulizidi kuwa hodari, na mimi nilizidi kuwa bubu, na niliona ni sawa, niliona ni mapenzi. Watu walisema, "Huyu mtoto hamwachi mama yake," nikajivuna. Sikuona kwamba mimi ndiye nisiyemwacha mtoto.

Ulipoleta habari kwamba umechukuliwa kwenye chuo cha uuguzi, nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Umbali sikuufikiria siku ile. Uliufikiria wewe. Nilikuona usoni.

Siku ile ile nikakitoa kitabu chini ya kitanda. Panya walikuwa wamekula pembe, lakini maneno yalikuwepo. Nikaanzia pale pale tulipoachia. Ulikuwa unakwenda kufundisha watoto kwaya, nami nilikuwa nafungua kitabu mezani katikati ya wateja. Mwalimu wangu alikuwa Afande. Sasa amestaafu, hana kazi, anakuja na redio yake anakaa kwenye ndoo. Tulifika "retire", kustaafu, akasema, "Hii mimi najua tayari," halafu akapunguza sauti ya redio, akaongeza, "Ile ya 'obey' ilikuwa rahisi kuliko hii." Mama Zaitun alikuwa anatucheka: "Mzee na mama wa karanga, darasa la kwanza!" Hakuna aliyekuambia. Uani mzima ulishika mdomo, na unaujua uani wetu. Hiyo peke yake ni muujiza.

Sasa sikiliza. Jumanne nilikuambia nakwenda Kamwokya kutafuta karanga mbichi. Sikwenda Kamwokya.

Nilikwenda kliniki, ile ile ya presha uliyosema utabaki kwa ajili yake. Nilikwenda peke yangu. Nilivaa kitenge cha kijani nilichovaa siku ya mahafali yako, ili angalau nguo inisaidie. Kwenye dirisha yule binti wa mapokezi aliniuliza kitu, na nilijua anauliza nini kwa sababu alitazama nyuma yangu, alikuwa anakutafuta wewe. Nikamwambia, "My daughter is going to school. I came alone." Nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa dirisha, lakini vidole havisemi Kiingereza, hakuna aliyevisikia.

Muuguzi alikuwa mgeni, mwembamba, anasema haraka kama mvua juu ya bati. Nikamwambia, "Repeat, please." Akarudia, haraka vile vile. Nikasema tena, "Repeat. Slowly." Nyuma yangu mwanamume mmoja akafyonza: "Banange, leo tutalala hapa!" Nilitaka ardhi inimeze. Yule muuguzi akamwinulia kidole, akamwambia asubiri, akanigeukia, akarudia kwa mara ya tatu, neno moja moja, kama mtu anayehesabu mayai. Na nikaelewa! Aliniuliza kama nameza dawa kila siku. Nikamwambia nameza. Akanipima, akatazama, akasema, "The result is better." "Result" ni matokeo, lilikuwa neno la kwanza nililojifunza bila wewe. Nilitaka kumwambia kwamba neno hilo ni jipya kwangu, lina wiki chache tu, lakini nikaona mwanamume wa nyuma ataniua.

Sitakudanganya, kuna kimoja kilinipita. Alisema kitu kirefu akionyesha mdomo kwa mkono kama mtu anayekula, nikamwomba aandike. Nilimletea Afande, akasoma: nipunguze chumvi. "Reduce." Nsimire, hilo tulilisoma! Ni la kurasa zile zile za mwanzo, karibu na "receive", nililisahau kabisa. Mama Zaitun alicheka mpaka akashika ukuta. "Muuza karanga aambiwe apunguze chumvi!" Kwa hiyo yapo maneno nitakayosahau, na kuna siku nitarudi na karatasi mkononi sijui imesema nini. Nitauliza. Uani una watu. Mwisho yule muuguzi aliniambia, "Return after one month." Kurudi baada ya mwezi. Nikamjibu, "I will return." Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikafungua koni moja ya karanga zangu mwenyewe nikala zote. Nilikuwa na njaa kama mtu aliyelima.

Hilo ndilo jibu langu kwa neno lako la Jumapili. Una uhuru wa kwenda. Si kwamba sikuhitaji. Nitakuhitaji kwa kicheko, kwa nywele, kwa kunisuta nikikisia maneno. Lakini mdomo wako nakurudishia. Ulikuwa wako, nikautumia miaka yote, na ulinitumikia vizuri kuliko nilivyostahili.

Nakuomba kitu kimoja tu, na hiki si cha njiani. Siku moja utakuwa umevaa ile sare nyeupe, na kitandani kutakuwa na mama asiyeelewa, na kando yake mtoto anayemtafsiria. Watakuwepo, popote utakapokuwa watakuwepo. Mtume mtoto nje akanunue maji. Kisha kaa kwenye kile kitanda, mshike mama mkono, umwambie mwenyewe. Kama ni Kiswahili unacho, na kama ni lugha nyingine tafuta mtu mzima anayeijua, hata kama foleni inafyonza. Umeniambia mara nyingi hujui kwa nini ulichagua kuwa muuguzi. Mimi nadhani najua, lakini hilo nakuachia ulisome mwenyewe mpaka mwisho.

Jina lako nililichagua peke yangu, nikiwa msichana tu, watu wakaniuliza nashukuru nini, kwa hali ile. Nsimire, kwa lugha yetu ni mtu anayeshukuru. Sikuwa na jibu. Niliona tu kwamba ni jina la mama yangu na linalala vizuri mdomoni. Sasa ninalo jibu, na umelisoma hapa.

Kamusi sikuwekei sandukuni. Nilikuona juzi unaitazama ukatazama pembeni. Huko chuo utakuta kamusi nzima, kuanzia A, na hilo nalo litakuwa jambo jipya kwako. Hii ibaki na mimi. Nimeshaingia kwenye RI, jana tulikuwa kwenye "ripe", kuiva, na Afande anasema hatutafika Z kabla yeye hajafa, nami nimemwambia basi asife. Karanga zako nimezifunga kwenye karatasi nyeupe isiyo na neno lolote, nimetia chumvi ile ya zamani, maana presha ni yangu, wewe huna.

Nasikia sauti ya Mama Zaitun getini, anakusindikiza na bado anasimulia. Utaingia umeshika kichwa, utasema amebana sana. Nitaiweka barua hii juu ya karanga, utaikuta basi likishatoka mjini.

Kesho asubuhi nitapanda ndani nikuonyeshe kiti na kusukuma sanduku, wala hutaweza kunizuia. Kondakta atakapopiga kelele kwa Kiingereza chake kwamba wanaosindikiza washuke, najua utageuka kunitafsiria, ni mazoea. Utanitafuta na hutaniona. Ndipo utakapotazama dirishani. Nitakuwa nimeshashuka.

Mama yako